Mwendo wa Siku na Mwaka wa Nuru: Vipimo vya Masafa Makubwa Vikitazamwa Kutoka Nyanda za Juu za Kigoma



Mada niliyoichagua inaweza kuonekana ngeni katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Nakusudia kuzungumzia vizio vitatu ambavyo wanaastronomia huvitumia kupimia masafa yaliyo makubwa kupita kiasi, yaani kizio cha kiastronomia, mwaka wa nuru na parseki, pamoja na historia ya namna kimoja kinavyogeuzwa kuwa kingine. Hesabu yenyewe si ndefu. Kizio cha kiastronomia, ambacho chimbuko lake ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, ni kilomita 149,597,870.7. Mwaka wa nuru mmoja ni vizio vya namna hiyo 63,241. Parseki moja ni vizio 206,265, ambavyo ni sawa na miaka ya nuru 3.26. Mwenye kikokotoo atamaliza kazi hiyo kabla chai yake haijapoa, na kama ingekuwa ni hesabu tu nisingewakusanya hapa.

Mtu anayeshughulika na historia ya maneno, hata hivyo, ana swali ambalo kikokotoo hakilijibu. Mwaka wa nuru na parseki havipishani sana kwa ukubwa. Kimoja ni mara tatu na robo ya kingine. Kwa nini basi taaluma moja ihifadhi vizio viwili vilivyo karibu hivyo, ikiwalazimisha wanafunzi wake kugeuza huku na huko? Jibu ninalolitetea leo ni kwamba vizio hivi vimezaliwa na namna mbili tofauti za kuujua umbali. Namna ya kwanza ni kutembea na kuhesabu muda. Ya pili ni kusimama mahali pamoja na kutazama, kisha kusimama mahali pengine na kutazama tena. Namna zote mbili, katika muda usiotimia miaka themanini, zilipita katika nchi ya Waha: ya kwanza kwenye njia ya misafara iliyokatiza ukingo wake wa kusini kuelekea Ujiji, ya pili juu ya vilima vyake, kutoka Kibondo na Kasulu hadi pande za Muyama, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe. Nchi hiyo ndiyo itakayokuwa kituo chetu cha kutazamia.

Nina dai la pili, na hili linatuhusu sisi wa lugha moja kwa moja. Jina letu la "mwaka wa nuru" limeacha neno moja ambalo Kiswahili cha njia ya misafara kilikuwa nalo tayari, na kwa kuliacha tumemfanya msomaji asome umbali kana kwamba ni muda.

Mwendo wa siku

Katika karne ya 19 aliyeuliza Bagamoyo au Unyanyembe umbali wa kwenda Ujiji hakujibiwa kwa maili. Alijibiwa kwa siku, au kwa miezi. Umbo kamili la jibu hilo ni "mwendo wa siku kadhaa", na linastahili kuchambuliwa kisarufi kabla ya kulipita. Lina neno kuu, "mwendo", ambalo linatuambia kwamba kinachopimwa ni njia iliyokwendwa. Lina muda, "siku", ambao ni kipimo. Na lina mtu asiyetajwa, yaani mwenda kwa miguu. Hatajwi kwa sababu anajulikana: ni mpagazi mwenye mzigo begani, katika msafara uendao kwa kasi ya wenzake wa nyuma. Kizio hiki basi ni zao la kuzidisha kasi ya msafiri kwa muda wake. Hivyo hasa ndivyo ulivyo mwaka wa nuru, ila msafiri amebadilishwa.

Wenyeji wa njia walijua vyema kwamba si kila siku ni sawa na siku. Lugha ya misafara ilikuwa na neno "terekeza", ambalo Burton na Stanley wote wawili walilisikia na kuliandika katika vitabu vyao kwa tahajia zao. Lilitaja mwendo wa mchana ambao msafara uliuanza jua likiwa utosini, ukalala njiani pasipo maji, ili asubuhi yake uyafikie maji yaliyo mbali. Siku yenye terekeza ilikuwa kizio cha pekee, si siku ya kawaida. (Wanaleksikografia waliopo hapa watajiuliza uhusiano wa neno hilo na kitenzi "teleka". Nawaachia kazi hiyo.)

Ugumu ulianza pale siku zilipohitajika kugeuzwa ziwe maili. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Wakiwa njiani waliandika saa za mwendo wa kila siku, kisha wakazigeuza kuwa umbali kwa kukadiria kasi ya wapagazi. Makadirio ya namna hiyo yana uzito wa kasi iliyokadiriwa tu, na kasi hiyo haikuwa na uthabiti wowote. Ushahidi mzuri ni safari ya Henry Morton Stanley. Mwaka 1871 alitumia karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Mwaka uliofuata alirudi njia hiyo hiyo, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kwa muda usiofika miezi miwili: aliondoka 14 Machi 1872, akafika pwani 6 Mei. Njia ni ile ile. Kama umbali ni siku, basi Bagamoyo ilikuwa imesogea.

Tena hapakuwa na mvua na matope peke yake. Katika Uha msafara ulikutana na hongo. Stanley alitozwa doti kwa doti na watawala wa njiani, na mwishowe akaamua kuondoka usiku kwa njia ya kichakani ili asitozwe tena. Nawaomba mzingatie kwamba katika malipo hayo kulikuwa na ugeuzaji wa vizio ulio safi kabisa, ambao kila mpagazi aliujua kwa moyo: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Nguo ilikuwa na vizio thabiti, na barabara haikuwa navyo. Aliyeweza kukuambia bila kusita ni mikono mingapi iliyomo katika doti kumi asingeweza kukuambia ni siku ngapi zilizobaki hadi ziwani, maana hilo lilimtegemea mtawala wa mbele.

Ziko jitihada za zamani zaidi za kuutuliza mwendo wa siku, na Waswahili wa pwani na wa Ujiji walizipata kupitia elimu ya dini. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo iliyoenea katika upwa wetu, msafiri huruhusiwa kufupisha sala ikiwa safari yake imefikia marhala mbili. Marhala ni hatua ya safari, yaani mwendo wa siku moja. Lakini wanazuoni hawakuiacha hapo, waliigeuza. Marhala mbili ni burudi nne, burudi nne ni farsakhi 16, na farsakhi 16 ni maili 48 za Kihashimi. Hapa pana jedwali kamili la ugeuzaji linaloanzia katika miguu ya mtu au ngamia na kuishia katika urefu usiotegemea uchovu wa yeyote. Wanazuoni wa siku hizi wanapouleta urefu huo katika kilomita hawaafikiani. Hutaja baina ya 80 na 90. Hata hivyo tatizo ambalo jedwali hilo lilijaribu kulitatua ndilo tatizo letu: kizio cha umbali kilichojengwa juu ya muda hakifai kugeuzwa mpaka kasi ya msafiri imekubaliwa.

Nuru ndiye msafiri wa kwanza kukidhi sharti hilo. Ole Rømer alionyesha mwaka 1676, kwa kufuatilia kupatwa kwa mwezi mmoja wa Mshtarii, kwamba nuru nayo inachukua muda kusafiri. Mwaka 1849 Hippolyte Fizeau alipima kasi yake hapa duniani, kati ya Suresnes na Montmartre. Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, Mjerumani Otto Ule aliandika makala ya kuwaelimisha watu wa kawaida, na humo ndimo neno "mwaka wa nuru" linapoonekana kwa mara ya kwanza tunayoifahamu. Ule alitambua kwamba wasomaji wake wangeshangaa kuona umbali unaitwa mwaka. Njia aliyoitumia kuwatoa wasiwasi inanifurahisha kila niifikiriapo: aliwakumbusha kwamba katika Kijerumani masafa ya njiani yalikuwa yakihesabiwa kwa saa za kutembea. Yaani ili kuufafanua mwaka wa nuru, Ule alilazimika kurudi kwenye barabara na kwa mwenda kwa miguu. Mwalimu wa Kasulu ambaye babu yake alisema "mwendo wa siku tatu" anao ufafanuzi huo nyumbani.

Kilichobaki ni kukubaliana juu ya mwaka wenyewe, na hapa Waswahili tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko wengi. Mwaka gani? Mwaka wa Kiislamu una siku 354, au 355 katika baadhi ya miaka. Mwaka wa Nairuzi, ambao mabaharia walihesabia misimu yao na ambao Makunduchi huufungua kwa Mwaka Kogwa, una siku 365 kamili. Mwaka wa kalenda ya serikali una wastani wa siku 365.2425. Wanaastronomia hawakuchagua wowote kati ya hiyo. Wanatumia mwaka wa Juliasi wa siku 365.25 barabara. Kwa mwaka huo, na kwa kasi ya nuru ya mita 299,792,458 kwa sekunde iliyowekwa rasmi mwaka 1983, mwaka wa nuru ni kilomita trilioni 9.46. Ukitumia mwaka wa mwezi mwandamo, kizio hicho kingepungua kwa takriban asilimia tatu, na nyota zote zingeonekana kuwa mbali zaidi kwa kiasi hicho ilhali hakuna iliyojongea.

Kutazama kutoka vilimani

Namna ya pili ya kuujua umbali haihitaji kutembea hadi kwenye kitu chenyewe. Mpimaji hupima mstari mmoja ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kutoka ncha zake mbili hutazama kilima kimoja cha mbali na kuandika pembe. Pembetatu moja ikijulikana, huwa mguu wa pembetatu nyingine, na hivyo mnyororo wa pembetatu huenda mamia ya kilomita, kilima kwa kilima. Ukiunganisha mnyororo huo na vipimo vya nyota vinavyoonyesha latitudo ya kila ncha, utajua urefu wa nyuzi moja ya mzingo wa Dunia, na kutokana na huo, ukubwa wa Dunia nzima.

Mwaka 1879 David Gill, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mwanaastronomia wa serikali ya Uingereza huko Cape, alipendekeza mnyororo wa namna hiyo utoke kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Mstari huo unapita magharibi kidogo ya mji wa Kasulu, katika pande za Muyama. Kazi ilikwenda kwa vipande. Tryggve Rubin alipima sehemu ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kati ya 1903 na 1906. Kipande cha mpakani mwa Uganda na Kongo kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Kati yao palibaki pengo, na pengo hilo lilikuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Gill alifariki mwaka 1914 pengo likiwa bado wazi. Baada ya vita nchi ikawa Tanganyika chini ya Waingereza, na kati ya 1931 na 1933 Martin Hotine aliuleta mnyororo kutoka kusini, kupitia Ufipa na nyanda za mashariki ya ziwa, hadi karibu na mpaka wa Urundi. Vifaa vilipandishwa vilimani kwa mabega ya wapagazi, kama vile bidhaa za misafara zilivyobebwa miaka sitini kabla. Mnyororo mzima, kutoka Cape hadi Misri, ulikamilika mwaka 1954. Ramani nyingi za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, ambao jina lake limetokana na tao hilo. Kila kilima cha Buha kilichomo katika ramani hizo kimefungwa kwenye pembetatu zake.

Naongeza kwa kupita tu kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuja kuwa mrithi wake, ilianza kazi Januari 1930. Serikali zile zile zilikuwa zikisanifisha tahajia na ardhi kwa wakati mmoja. Sidai kwamba upande mmoja uliujua mwingine.

Tao la Buha lina uhusiano gani na nyota? Una mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na ushahidi wake ni watu. Wilhelm Struve alipima tao refu kutoka kaskazini mwa Norway hadi karibu na Bahari Nyeusi. Ndiye pia aliyetangaza mwaka 1837 kipimo cha kwanza cha paralaksi ya nyota Vega. Friedrich Bessel alipima tao la Prussia Mashariki katika miaka ya 1830. Ndiye aliyetoa mwaka 1838 paralaksi ya nyota hafifu iitwayo 61 Cygni, ambayo inahesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza kukubalika bila ubishi. Gill, mwenye wazo la tao letu, alipima umbali wa Jua na paralaksi za nyota za kusini. Hii si sadfa. Anayeujua ustadi wa kupima pembe ndogo kutoka kilimani ana ustadi wa kupima pembe ndogo mbinguni. Kuna pia sababu iliyo ndani ya hesabu yenyewe: ukubwa wa Dunia ndio mstari wa kwanza wa ardhini ambao juu yake pembetatu za mbinguni husimama.

Tumfuate Gill hatua moja. Mwaka 1877 alikwenda kisiwa cha Ascension wakati Mirihi ilipokuwa karibu, akaipima jioni na alfajiri. Kati ya jioni na alfajiri Dunia ilikuwa imemzungusha yeye na darubini yake maelfu ya kilomita, kwa hiyo alipata ncha mbili za kutazamia bila kuhama kisiwani. Kutokana na Mirihi, na baadaye kutokana na sayari ndogo alizozipima pamoja na wenzake mwaka 1888 na 1889, ilipatikana paralaksi ya Jua ya sekunde za pembe 8.80. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1896 uliikubali, na ikatumika hadi miaka ya 1960. Maana yake ni kwamba nusu kipenyo cha Dunia, kikitazamwa kutoka kwenye Jua, kingeonekana kuwa na pembe hiyo. Sasa geuzeni. Sekunde za pembe zilizomo katika radiani moja ni 206,265. Igawanyeni idadi hiyo kwa 8.80, mzidishe jawabu kwa kilomita 6,378 za nusu kipenyo cha Dunia, na mtapata kilomita milioni 149.5. Thamani ya leo ni milioni 149.6. Tofauti haifiki sehemu moja katika elfu, na ilipatikana kwa jicho, kioo na subira.

Mzingatie pia kwamba ile kilomita 6,378 haikushuka kutoka hewani. Ilitokana na matao ya ardhini, na matao ya Afrika yaliisaidia kuwa imara.

Parseki

Hatua ya mwisho ni fupi. Dunia inapolizunguka Jua, mtazamaji anahamishwa, na kati ya miezi sita ncha zake mbili za kutazamia zinakuwa na umbali wa vizio viwili vya kiastronomia kati yao. Nyota iliyo karibu huonekana kuhama kidogo mbele ya nyota za mbali. Nusu ya uhamaji huo ndiyo paralaksi yake. Mwaka 1913 Frank Dyson alilalamika kwamba kizio cha masafa ya nyota hakina jina linalokubalika, akataja mapendekezo kadhaa. Jina lililoshinda lilipendekezwa na Herbert Hall Turner: parseki, yaani umbali ambao paralaksi yake ni sekunde moja ya pembe. Uzuri wake kwa mtenda kazi ni kwamba haugeuzwi kabisa. Gawanya moja kwa paralaksi, umemaliza. Gill na William Elkin, katika miaka ya 1881 hadi 1883, waliipata Alpha Centauri, iitwayo pia Rijili Kantori, kuwa na paralaksi ya 0.75. Moja kwa 0.75 ni parseki 1.33. Ukitaka kumwambia jirani yako, zidisha kwa 3.26, utapata miaka ya nuru 4.3.

Mtaiona sasa idadi ya 206,265 ikirudi. Ni ile ile tuliyoitumia kwa Jua. Hakuna muujiza: katika sehemu zote mbili tunageuza pembe kuwa urefu. Kwa hiyo parseki haina haja na kasi ya nuru wala na urefu wa mwaka. Ingekuwa ile ile hata kama nuru ingekwenda polepole kama kobe. Na mwaka wa nuru hauna haja na Jua. Daraja kati ya vizio hivi viwili ni kizio cha kiastronomia peke yake, na ndiyo maana 3.26 haikuweza kujulikana kwa usahihi kuliko umbali wa Jua ulivyojulikana. Wanaastronomia walilitambua hilo. Mwaka 2012 umoja wao wa kimataifa ulikiweka kizio cha kiastronomia kuwa idadi kamili ya mita, na mwaka 2015 parseki ikafungwa kwenye kizio hicho. Tangu hapo ugeuzaji wote umekuwa wa makubaliano na hauna shaka ya kipimo ndani yake. Shaka yote imebaki kwenye nyota.

Mita yenyewe ina kisa kinachofaa kutajwa hapa. Wafaransa walipoiunda mwishoni mwa karne ya 18 waliitoa katika tao la ardhini lililopimwa kutoka Dunkerque hadi Barcelona, kwa njia ile ile ya pembetatu. Tangu mwaka 1983 mita ni masafa ambayo nuru huyakwenda katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kipimo kilichozaliwa na watu wa vilimani kimehamia kwa watu wa barabarani. Mita sasa ni mwendo.

Kwa wale mtakaobahatika kulala Muyama usiku usio na mwezi, kuna faida ambayo Bessel hakuwa nayo. Kutoka Königsberg, Alpha Centauri haichomozi kamwe. Kutoka Cape, alikofanyia kazi Thomas Henderson aliyeipima Alpha Centauri mwaka 1832 na 1833 lakini akachelewa kutangaza hadi 1839, ile 61 Cygni hukaa chini sana katika upeo wa kaskazini. Kutoka nyuzi nne kusini ya ikweta zote mbili hupanda vizuri, moja yapata nyuzi 47 kaskazini, nyingine yapata nyuzi 33 kusini. 61 Cygni inataka macho makali na giza la kweli.

Jina

Sasa nirudi kwenye deni letu la lugha. Katika maandishi ya Kiswahili kizio cha Ule hutajwa kwa namna zaidi ya moja: mwaka wa nuru, mwaka nuru, mwakanuru. Ubishi kuhusu kuunganisha au kutenganisha maneno haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba katika zote tatu neno kuu ni "mwaka", na upatanisho wa kisarufi unalifuata. Mwandishi anasema "miaka ya nuru minne", msikilizaji anasikia miaka minne, na sentensi ya tatu inakuja na "miaka ya nuru iliyopita", ambayo ni sawa na kusema "kilomita zilizopita" kwa maana ya zamani. Kosa hilo ninaliona katika insha za wanafunzi wenye akili timamu. Sarufi ndiyo inayowasukuma huko.

Katika "mwendo wa siku tatu" kosa hilo haliwezekani. Hakuna Mswahili aliyewahi kudhani kwamba mwendo wa siku tatu ni muda, kwa sababu neno kuu limekaa mahali pake na linavuta upatanisho: mwendo mrefu, mwendo uliobaki. Napendekeza, basi, kwamba katika kitabu chochote cha shule kizio hiki kitajwe mara ya kwanza kwa umbo lake kamili, "mwendo wa nuru wa mwaka mmoja", na hapo ndipo kifupi cha "mwaka wa nuru" kiruhusiwe. Ninajua pingamizi litakalotolewa: "mwendo" lina maana nyingi, ikiwemo kasi na hata tabia ya mtu. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu zamani. Leo fizikia ya Kiswahili ina "kasi" na ina "mwendokasi", na hili la pili, tangu mabasi ya Dar es Salaam yalipolichukua mwaka 2016, limekuwa mali ya kila abiria. Mwendo limebaki huru kufanya kazi yake ya zamani.

Kwa parseki sina pendekezo la kulibadilisha. Baadhi wangelainisha liwe "paseki" ili kuondoa konsonanti mbili zilizogongana. Mimi ningeliacha, maana kwa bahati njema wazazi wake wawili, paralaksi na sekunde, wanaonekana ndani yake katika Kiswahili kama wanavyoonekana katika lugha ya Turner, na mwanafunzi anayewaona wazazi hahitaji kukariri fasili.

Liko jambo moja zaidi ambalo wafasiri na wahariri wa magazeti wanapaswa kuonywa. Chanzo kikisema nyota iko "yapata parseki 100", si haki kuandika "miaka ya nuru 326". Yule wa kwanza alisema takriban; sisi tumemsemesha kwa uhakika wa tarakimu tatu ambao hakuwa nao. Tungeandika "zaidi kidogo ya miaka ya nuru 300" na kuishia hapo. Mfano mzuri uko katika Kilimia, kundi ambalo wakulima wetu wamelitazama tangu zamani ili kujua wakati wa kulima. Mwaka 1997 orodha ya satelaiti Hipparcos iliiweka Kilimia kwenye parseki 120 hivi, ambazo ni miaka ya nuru 390. Wanaastronomia wengi, waliokuwa wakikadiria umbali wake kwa mng'ao wa nyota zake, walipinga, kwa sababu kwa umbali huo nyota hizo zingekuwa hafifu kuliko nyota nyingine za aina yake. Mwaka 2014 vipimo vya mtandao wa darubini za redio vilitoa parseki 136, na takwimu za satelaiti Gaia zilizotolewa miaka iliyofuata zikaafikiana navyo. Katika ubishi huo wote hakuna aliyegusa 3.26. Waliobishana walikuwa wakibishana juu ya pembe, tofauti ya takriban sehemu moja katika elfu ya sekunde ya pembe, na pembe hiyo ikigeuzwa kuwa mwendo wa nuru ni safari ya miaka hamsini na zaidi. Kwa kipimo cha sasa, nuru ya Kilimia inayowafikia wakulima wa Muyama msimu huu iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita.